Mlango usio na komeo

Komeo la mlango wa chumba cha mdogo wangu nililing'oa mimi mwenyewe, saa tano usiku, kwa kisu cha jikoni, maana bisibisi haikuonekana. Mama alisimama nyuma yangu akinimulikia kwa tochi ya simu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani anatutazama kama mtu anayewaangalia mafundi wa umeme wakibadilisha mita. Skrubu ya mwisho ilipodondoka akaniuliza, "Dada, na la chooni?"

Nikaenda kuling'oa na la chooni.

Hilo lilikuwa sharti la kwanza kati ya masharti aliyotupa nesi wa afya ya akili jioni ile alipokubali kutomlaza. Nimekaa na habari hii muda mrefu nikijiuliza kama ni yangu kuisimulia. Mwenyewe ameisoma, amefuta mistari minne, amesema niiweke.

Alikuwa na miaka 17, kidato cha tano, bweni, mkoa wa mbali. Shule ilipiga simu Jumanne: halali, hagusi chakula, anatoka darasani katikati ya kipindi, na jana yake amewagawia wenzake madaftari, sweta na raba zake. Hilo la kugawa vitu ndilo lililomshtua mwalimu wa malezi, na Mungu ambariki kwa kushtuka. Alimkatia tiketi ya kiti cha nyuma ya dereva, akampa kondakta namba yangu, na kila basi liliposimama kondakta alinitumia ujumbe. Morogoro: yupo. Chalinze: yupo. Kibaha: yupo, anaangalia dirishani.

Njia ya kwenda wodini tulikuwa tumeshaipita. Mwaka mmoja kabla alilazwa siku 9 katika wodi ya wanaume wazima, kwa sababu ya vijana haikuwepo. Sitaitaja hospitali na sina ugomvi na watu wake. Usiku walikuwa manesi wawili kwa wagonjwa waliozidi vitanda, na walimlinda, akapata dawa, akalala usingizi wa kweli baada ya wiki mbili za kukodoa macho. Nisingependa mtu asome makala hii akadhani nasema wodi haina kazi. Lakini alitoka pale pekupeku, viatu vyake vimeondoka na mtu mwingine, na alitoka na somo ambalo alikuja kunieleza miezi mingi baadaye: "Nilijifunza kusema niko sawa." Daktari anapita asubuhi, anauliza, anayesema yuko sawa anakaribia mlango. Siku ya nane akasema yuko sawa. Siku ya tisa tukaambiwa tuje tumchukue, turudi kliniki baada ya mwezi.

Mwezi! Nimekuja kusoma baadaye kwamba wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka wodi ya akili ni miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa zaidi ya kujiua. Sisi wiki hizo tulizitumia kumtafutia viatu.

Ukikulia Dar unaijua Mirembe kabla hujaijua Dodoma. Hospitali ile imekuwepo tangu 1927, na sisi tulilipata jina lake uwanjani, mtu akikosa goli la wazi: huyu apelekwe Mirembe. Unguja wanasema Kidongo Chekundu, Nairobi wanasema Mathari, mahali palipoanza mwaka 1910 kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Watu wa Tanga wana Lutindi yao, juu kule Usambara. Ugonjwa wa akili kwetu una anwani, na anwani yenyewe siku zote iko mbali na nyumbani. Ndiyo maana safari ya pili hatukujiuliza kama kuna njia nyingine. Tulipanga begi, shuka mbili, ndoo, sabuni na kandambili ambazo hazitamtamanisha mwizi, tukaita bajaji.

Njiani mjomba alituonya tusilitamke neno "kujiua" mapokezi, tusije tukaishia polisi. Hakuwa anabuni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na cha kwao, kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mdogo wangu hakuwa amejaribu lolote, lakini hofu haisomi kifungu hadi mwisho. Familia ngapi zinafika dirishani zinasema "ana malaria imempanda kichwani", sijui, ila sisi tulikaribia sana kusema hivyo.

Nesi wa kliniki ya afya ya akili alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Alikaa na mdogo wangu peke yao kama dakika 40. Mlango haukufunga vizuri na tukamsikia akimwuliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya nyanya, "Unafikiria kujiua?" Mama alinishika mkono, alidhani kumwuliza mtoto hivyo ni kumpandikizia wazo. Siyo. Jambo hili limechunguzwa sana, na kuuliza moja kwa moja hakumpi mtu wazo hilo. Kwa wengi ni kama kutua mzigo. Kimya kilikuwa kirefu, kisha tukamsikia akijibu, na sauti yake haikuwa ile ya "niko sawa".

Tulipoitwa ndani, alituuliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililohusu ugonjwa. Usiku nyumbani yuko nani? Ndani ya nyumba kuna nini na nini? Kutoka kwenu hadi hapa ni nauli kiasi gani? Kisha akavua miwani. "Naweza kumlaza, kitanda cha kugawana kitapatikana. Naweza pia kumrudisha kwenu, lakini hapo nyumba yenu ndiyo itakuwa wodi, wiki mbili. Mama, mtaweza?"

Mama alijibu ndiyo kabla sijameza mate.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza wodi hasa inafanya nini. Ukiiondolea kuta, inabaki mikono inayomzuia mtu asijidhuru saa mbaya, macho yanayomwangalia, dawa kwa wakati, usingizi, na umbali kidogo na kile kilichomwumiza. Nesi alichofanya ni kuvitoa vitu hivyo kimoja kimoja kwenye jengo na kutukabidhi.

Mikono ilianza na makomeo. Kisha ndoo ya rangi, ile ya lita 20: kila dawa iliyokuwemo ndani, za presha za mama, za panya, za kunguni, hata chupa za maji ya betri za mjomba, vilikwenda kwa jirani wa pili, ambaye aliipokea ndoo, akaifungia stoo, na hadi leo hajaniuliza kitu. Nilidhani ni woga wa kizamani. Kumbe ndiyo hatua yenye ushahidi mkubwa kuliko nyingi: Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali vya mashambani kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua nchini kote vilishuka kwa zaidi ya nusu. Saa mbaya mara nyingi ni fupi, na asipokuta kitu karibu, mara nyingi inampita.

Macho yalikuwa ni zamu. Mama alishika saa tatu hadi saa saba, mimi saa saba hadi saa kumi na moja, mjomba akapokea baada ya sala ya alfajiri. Mjomba amelinda ghala Vingunguti miaka sita na alitufundisha ufundi wa lindo: usikae kwenye kiti chenye mgongo, usinywe kahawa, kunywa maji, maji yatakuamsha yenyewe.

Kisha daftari. Nesi alitaka liwe la mdogo wangu, kwa mwandiko wake. Kurasa mbili za kwanza ni dalili zake mwenyewe za kuharibikiwa, na humo ndimo nilipomjua ndugu yangu kuliko miaka yote 17. Nikiacha kuoga. Nikijibu "poa" mara tatu mfululizo. Nikianza kusikiliza kaswida usiku bila kuzima. Ukurasa wa tatu, vitu vinavyonisogeza saa moja mbele: kuosha pikipiki ya mjomba, kuhesabu treni, kumenya mihogo na bibi. Ukurasa wa nne, watu, kwa mpangilio wa nani anapigiwa kwanza. Mama alikuwa wa tatu. Alilia kidogo alipoona, akasema sawa, wa tatu si wa mwisho. Ukurasa wa tano ni sentensi moja, na nesi aliisoma kwa sauti mbele yetu sote: nikishindwa kuahidi kutojidhuru hadi asubuhi, tusisubiri asubuhi.

Nesi alipiga simu kila siku saa kumi na mbili jioni. Siku ya pili, ya nne na ya saba alikuja mwenyewe kwa bodaboda, akakaa kwenye kigoda. Kwanza aliuliza kama kijana amekula, kisha akauliza nani kati yetu amechoka. Ustadhi alikuja kumsomea siku ya tatu na nesi hakupinga. Alisema kisomo ni sawa, mradi hafungwi, hafungishwi na dawa haisimami. Ustadhi akakubali palepale, na nadhani alifurahi kuulizwa.

Sasa sehemu inayoniuma. Ziara zile hazikuwa kazi yake. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa nauli. Mbagala kwetu ni vituo viwili kabla ya kwake, basi alishuka. Mama alimfungia vitumbua kwenye gazeti, na huo ndio ulikuwa mshahara wake kwa huduma ambayo kwingine ina jina, ofisi na bajeti.

Zamu yangu niliimaliza kwa kusoma, bando la usiku ni rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Charleston, South Carolina, watafiti waliwachukua watoto na vijana waliokuwa wameshakubaliwa kulazwa kwa dharura, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa wodini, hawa nyumbani na mtaalamu anayepatikana saa 24, ambaye hapewi zaidi ya familia chache kwa wakati mmoja. Miezi ya mwanzo wa nyumbani hawakuachwa nyuma, na darasani walionekana zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kushangilia nilipofika kwenye mistari ya chini: si wachache kati yao walilazwa hata hivyo, na baada ya mwaka hivi tofauti ilififia. London nao walijaribu kitu cha jamaa hiyo, matokeo yakatoka 2018: vijana 106, nusu yao wakirudishwa nyumbani mapema na timu ya kuwafuata huko, wakalala hospitalini siku pungufu kuliko wenzao na kurudi shule za kawaida kwa urahisi zaidi. Hakuna muujiza katika habari hizi, na ndiyo maana ninaziamini.

Iliyonikaa zaidi ni ya Harare. Daktari Dixon Chibanda, mwaka 2005, alimpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake haikuwa na dola 15 za nauli ya kumfikisha kliniki. Alipoanza mwaka uliofuata hakuwa na jengo wala fedha, akawafundisha kina bibi wa Mbare kukaa na watu kwenye benchi chini ya mti, nje ya zahanati. Wanazungumza juu ya kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa kwani sisi nasi tunasema "ana mawazo" na kila mtu anaelewa kwamba si fikra. Zanzibar wamelichukua benchi hilo. Tuwe wakweli hata hivyo: benchi ni la kabla ya usiku mbaya, na anayefika akiwa na nia ya kujidhuru hupelekwa mbele kwa wataalamu.

Na usiku wa nne nikakutana na nyumba moja Northampton, Massachusetts, inaitwa Afiya. Neno letu, herufi moja imezidi. Iko tangu 2012, haina daktari wala nesi ndani. Wanaokuhudumia wamepitia wenyewe hayo unayopitia. Mtu mzima akiwa taabani anakwenda, anapewa chumba chake na anaweza kukaa hadi siku 7, mlango wa kutoka uko wazi. Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa mifano yake ya mwaka 2021, pamoja na vikundi vya Kenya vya watu walioishi na ugonjwa wa akili wanaosaidiana. Nilicheka peke yangu gizani. Wamarekani wamelichukua neno kwetu kuita nyumba ambayo sisi hatuna.

Au tunayo. Fikiria tunavyofanya mtoto akizidiwa na mambo: "Mpelekeni kwa shangazi yake akabadili hewa." Kila ukoo wa pwani una nyumba hiyo. Mtu anakwenda Muheza, anakwenda Mafia, anakaa mwezi anavua na babu, hakuna anayemwuliza maswali, anarudi ananenepa. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alilifanya jambo la aina hii kuwa tiba rasmi mwaka 1954 pale Aro, Abeokuta: wagonjwa walipanga vyumba vijijini pamoja na ndugu zao, mchana wakaenda hospitali, jioni wakarudi kwa wenyeji. Kwa hiyo shangazi yupo, kitanda kipo, mihogo ipo. Anayekosekana ni yule wa bodaboda, anayejua dawa, anayekuja siku ya pili hata kama hamjamwita, na ambaye serikali inamlipa kwa kushuka kituo hicho. Bila yeye "kubadili hewa" ni kumhamishia shangazi hofu isiyo na maelekezo.

Nyumba nyingine hazifai hata ukizitolea makomeo yote. Nesi alitueleza baadaye kwamba zile dakika 40 nyingi alizitumia kuhakikisha kwamba kilichomwumiza mtoto hakiko sebuleni kwetu. Kama kingekuwa huko, kumrudisha kungekuwa kumrudisha motoni, na njia ingekuwa ustawi wa jamii. Namba ya watoto ni 116, Tanzania hata Kenya, haina gharama. Muda wote ule nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje nanung'unika kwamba anachelewa.

Usiku wa tano, saa nane kasoro, mdogo wangu alikuja akakaa kwenye mkeka wangu. Nikamwuliza swali la ukurasa wa tano, kama ananiahidi hadi asubuhi. Akafikiri. "Siwezi, dada." Tulikuwa hospitalini saa tisa na nusu. Walimlaza siku mbili, dawa ikabadilishwa, na safari hii hakusema yuko sawa kabla hajawa sawa, kwa kuwa alijua akitoka anatoka kwenda wapi na nani atapiga simu saa kumi na mbili. Kuna ndugu walioona tumeshindwa. Mimi naona usiku ule ndio tulipoutumia mpango wenyewe hasa.

Hesabu moja sijawahi kuiona kwenye tafiti zote nilizosoma kwa bando la usiku. Genge la mama lilifungwa siku 11. Nyanya zilioza, wateja wawili wa jumla walihamia kwa jirani na mmoja hajarudi. Kitanda cha wodi kina gharama na mtu wa serikali anaijua. Kulazwa nyumbani maana yake amelazwa juu ya mama, na mwanamke huyo hayumo kwenye jedwali lolote. Nilimwambia hivyo, nikidhani nampigania. Akaniuliza kama ningependa zaidi auze nyanya.

Mdogo wangu alirudi shule muhula uliofuata, ya kutwa, karibu na nyumbani. Bado ana siku mbaya na bado anameza dawa, ambazo anazilalamikia kwa sababu zinamkausha mdomo. Daftari limegeuzwa: ukianza mbele ni lake, ukianza nyuma ni madeni ya genge.

Komeo la chooni tulilirudisha baada ya mwezi, kwa sababu ya wageni. La chumbani kwake lilikaa kwenye bakuli juu ya kabati hadi mwezi wa tatu, siku alipolichukua bila kuomba ruhusa, akaenda kuazima bisibisi kwa mjomba. Mama alimwona, akaingia jikoni. Skrubu moja ilikuwa imepotea na aliyoipata ni fupi, kwa hiyo linacheza kidogo ukilisukuma.